Sanduku la hesabu za kale: nimelitumia na watoto, haya ndio maoni yangu

Wazazi kadhaa hapa Nakuru wameniuliza kama lile sanduku la hesabu za kale linafaa pesa yake, basi wacha niandike yote mahali pamoja. Jibu fupi: nunua. Nimelipatia nyota nne kwa tano, na ile moja nimeinyima juu ya kadi moja inayowaambia watoto kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukithibitisha, nitaifikia hapo mbele manake ndio ilinikasirisha.

Kwa wale hawajaliona, ni sanduku la mbao ya saiprasi, si kubwa, linaingia kwa begi ya shule, linauzwa shilingi 1,800 kwa duka moja la vifaa vya shule upande wa Kenyatta Avenue, na linatengenezwa na fundi wa hapa hapa. Ndani kuna kokoto na kadi za ng'ombe, vijiti viwili vimechongwa kufuata mifupa ya kale, uzi wa shanga, mfuko wa tokeni za udongo, yaani vipande vidogo vya kuhesabia, na mipira ya udongo yenye uwazi ndani, kadi za Misri, halafu kijitabu cha Kiswahili. Hakuna betri, hakuna kitu cha kudaunilodi. Kazi yake ni kumwonyesha mtoto venye hesabu ilianza kabla hizi namba tunazoandika hazijakuwako, na kwa hio kazi limeshinda kila kitu nimewahi kununulia watoto wangu, hata tuisheni ya likizo naiweka hapo.

Mchezo wa kwanza ndio naupenda kuliko yote. Sheria ni moja tu, usitaje namba. Asubuhi mtoto anatoa ng'ombe zizini mmoja mmoja, kila mmoja akipita anatia kokoto moja kwa mfuko. Jioni ng'ombe wakirudi, kila anayeingia kokoto moja inatoka. Ikibaki kokoto mfukoni, kuna ng'ombe hajarudi. Basi. Hakuna moja, mbili, tatu, na mchungaji anajua kabisa kuna hasara. Kijana wangu wa gredi ya tano aliniangalia akaniambia, "Lakini mama, huyu mtu hajahesabu," nikamwambia ndio, hajahesabu, na bado hakuna mtu anaeza kumwibia. Alinyamaza akarudia mchezo tena mwenyewe na nikaona kabisa kuna kitu kimemwingia kichwani.

Hapo ndio mzizi wote wa hesabu na shuleni unarukwa. Mtoto anapelekwa moja kwa moja kwa alama, 1, 2, 3, anakariri, anaimba mpaka mia, lakini hajui kwamba kabla ya majina ya namba huenda watu walikuwa wanalinganisha tu kitu na kitu, kokoto na ng'ombe, kidole na siku, mkato na mnyama aliyechinjwa. Namba ilikuja baadaye, pale mtu alipoona kwamba kokoto za ng'ombe zinaeza kusimamia mbuzi pia, na watu pia, na siku pia, na kwamba kile kitu kinafanana hapo si ng'ombe wala mbuzi, ni wingi wenyewe. Hio hatua ni kubwa sana. Binti yangu wa gredi ya nane anapiga hesabu za aljebra na hakuna siku alikuwa ameulizwa afikirie hivyo.

Kijitabu kinaeleza vizuri kwa nini watu walihitaji kokoto mwanzoni. Jicho la binadamu linatambua vitu vitatu au vinne bila kuhesabu, ukimwaga kokoto tatu mezani unajua papo hapo ni tatu, ukimwaga saba lazima uanze kupanga au kuzitenga. Jaribuni na watoto, ni kweli kabisa, na hata watoto wadogo sana ambao hawajaanza kuongea wanaona tofauti ya vitu viwili na vitatu. Na si sisi peke yetu. Pale Serengeti, miaka ya 1990, watafiti waliwachezea simba jike sauti za simba wageni zilizorekodiwa, sauti ya simba mmoja na sauti ya simba watatu wakinguruma pamoja, na wale wenyeji walikuwa tayari kusogea kupambana zaidi kama mgeni ni mmoja, wakiwa watatu wanasita, isipokuwa kama wenyewe ni wengi. Kwa hivyo kuhisi wingi tumezaliwa nako, tuko pamoja na wanyama hapo. Kile binadamu aliongeza ni njia ya kuvuka ile nne, akatumia vidole, akatumia mwili, akatumia vitu. Kuna ukurasa wa watu wa Oksapmin huko Papua New Guinea ambao wanahesabu kwa mwili mzima, unaanza kidole gumba cha mkono mmoja, unapanda mkono, bega, sikio, jicho, pua ni 14, unashuka upande ule mwingine mpaka kidole cha mwisho ni 27. Watoto walirudia hio mpaka chakula kikapoa.

Nilimwita mzee jirani yetu, ametoka Rongai na amechunga ng'ombe utoto wake wote, watoto wanamwita kugo, yaani babu, nikamwonyesha ule mchezo. Alicheka kwanza, akasema kwao haikuwa adabu kuhesabu ng'ombe kwa kidole, wala kuhesabu watoto wa mtu. "Sasa kugo, mlijua aje mmoja amepotea?" binti akamuuliza. Akamwambia unamjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa pembe, na kwa mahali anapenda kutembea kwa kundi, huyu hutangulia, huyu hubaki nyuma, wakiingia jioni nafasi iliyo wazi inajionyesha yenyewe. Akaanza kutaja rangi za ng'ombe wa baba yake, wote wamekufa zamani, na hakukwama. Mimi ni mtu wa kuandika kila kitu kwa daftari, niliheshimu sana hio akili. Fundi akitoa toleo lingine aweke hii ndani ya kijitabu, juu wazee wetu bado wako na hakuna haja ya kwenda kutafuta mifano mbali pekee.

Sasa vijiti.

Cha kwanza ni mfano wa mfupa wa Lebombo, ule ulipatikana Border Cave kwa milima ya Lebombo, pale mpaka wa Afrika Kusini na Eswatini. Ni mfupa wa mguu wa nyani, una umri wa miaka kama 43,000, na una mikato 29. Kijiti kimechongwa vizuri, mikato iko wazi, mtoto anaeza kuipapasa kwa kucha na macho yamefungwa, na kijitabu hapa kimekuwa kiaminifu sana. Kinasema wengi huona 29 wakakimbilia mwezi, ati mtu alikuwa anahesabu siku za mwezi mwandamo, au mwanamke alikuwa anafuata siku zake, lakini mfupa wenyewe umevunjika mwisho mmoja kwa hivyo mikato inaeza kuwa ilikuwa mingi zaidi. Kinasema pia waliouchunguza kwa darubini waliona mikato haikukatwa na ncha moja tu, vifaa vilikuwa tofauti, kumaanisha inaonekana iliongezwa kwa nyakati tofauti. Hapo ndio penye utamu. Mtu anakata alama, anaweka mfupa chini, anaurudia baadaye anaongeza ingine. Huyo inaonekana hapambi tu. Huyo huenda anaweka rekodi. Na hata kama hatujui ni ya nini, hilo tendo la kurudi kuongeza linatosha kabisa kumfanya mtoto aone mtu halisi pale ndani ya pango miaka elfu arobaini na kitu iliyopita, mtu mwenye kitu hataki kusahau.

Cha pili ni Ishango na hapa nakaa kidogo.

Mfupa wa Ishango ulichimbuliwa 1950 na Jean de Heinzelin, Mbelgiji, pale Ishango mahali mto Semliki unatoka kwa Ziwa Edward, upande wa Kongo, ng'ambo tu ya mpaka wa Uganda. Si mbali na sisi watu wa magharibi ya Kenya ukifikiria, ni ziwa la bonde la ufa kama letu, na watu waliokaa pale walikuwa wavuvi, walichonga mikuki ya mifupa yenye meno ya kunasa samaki. Mfupa wenyewe una miaka kama 20,000 na una kipande cha jiwe la kwatsi kimepachikwa ncha moja. Sasa hivi uko Brussels, kwa jumba la makumbusho la sayansi asilia. Watoto waliuliza kwa nini uko huko na si huku, nikawaambia ulichukuliwa wakati Kongo ilikuwa koloni, na mimi naona hilo swali lao ni sawa kabisa na waendelee kuliuliza.

Mikato yake imepangwa kwa mistari mitatu, na kwa makundi makundi. Mstari mmoja una 11, 13, 17, 19. Mwingine una 11, 21, 19, 9. Wa tatu una 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Jumlisha ile miwili ya kwanza, kila mmoja unatoa 60. Wa tatu unatoa 48. Mtoto anajumlisha mwenyewe kwa kuhesabu mikato na nywele zinasimama, hata mimi.

Kadi sasa. Kadi ya Ishango imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba Waafrika wa Ishango walijua namba tasa miaka 20,000 iliyopita, juu ule mstari wa 11, 13, 17, 19 ni namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Ni kweli ni hizo. Lakini kusema walizijua kama namba tasa ni kitu ingine. Namba tasa ni namba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa hivyo ili uijue lazima kwanza uwe na wazo la kugawanya, ujaribu kugawa, uone inakataa. Hakuna alama ya kugawanya kwa ule mfupa. Na mstari wa jirani una 21 na 9, ambazo zote mbili zinagawanyika kwa tatu. Maandishi tulio nayo yanayoongea kuhusu namba tasa waziwazi ni ya Wagiriki, Euclid yuko kama mwaka 300 KK. Kuna wengine pia, kama mtafiti Alexander Marshack, walisema mikato inafuata mwezi, nayo pia ni tafsiri tu.

Mimi hainiumi kwa sababu napenda kupinga, inaniuma juu mtoto akiambiwa kitu kikubwa kuliko ushahidi, siku atakutana na mtu anayejua atamtupilia mbali kila kitu, na Ishango haihitaji kuongezewa chumvi. Angalieni kile kinaonekana bila kulazimisha. Ule mstari wa 11, 21, 19, 9 unaeza kuusoma kama kumi ongeza moja, ishirini ongeza moja, ishirini kasoro moja, kumi kasoro moja. Ule wa tatu una 3 halafu 6, una 4 halafu 8, una 10 halafu 5 na 5, kuzidisha mara mbili na kukata nusu, halafu 7 imebaki peke yake haina mwenzake. Hata hapo sisemi walikusudia, lakini ni mpangilio unaoonekana kwa macho na mtoto anaeza kuutafuta mwenyewe na kubishana nao. Binti yangu aliugundua bila kadi. Ndio maana nasema kadi iondolewe iandikwe upya kama swali: unaona nini hapa, na unaeza kujua aje kama ndivyo walivyokusudia? Nimemwandikia fundi kuhusu hili na amejibu vizuri, amesema toleo lijalo atabadilisha.

Tatizo lingine la kijiti cha Ishango ni la mkono. Nafasi kati ya makundi ni ndogo, zile 5 na 5 karibu zimeshikana, mtoto akipapasa anapata 10 na mchezo wote unaharibika. Kwa mfupa wa kweli ni makundi hayo hayo ndio hoja. Tulichukua kalamu tukachora mistari ya kutenganisha, sasa iko sawa.

Shanga sitakaa sana. Uzi ulikatika wiki ya kwanza, tumeweka wa kushonea viatu. Lakini maelezo yake ni mazuri kwa sababu yanaongea kuhusu Enkapune ya Muto, lile pango liko magharibi ya Ziwa Naivasha, mahali walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye miaka kama 40,000. Ni hapa kwetu, mtu wa Nakuru anaeza kwenda na kurudi siku hio hio. Shanga si hesabu moja kwa moja, zinaeza kuwa urembo au zawadi, na kijitabu hakijasema zaidi ya hapo, lakini mtu anayetoboa vipande vya saizi moja na kuvipanga kwa uzi mmoja mmoja tayari anafanya kazi na mfuatano. Inatosha.

Tokeni za udongo ndio sehemu imetengenezwa vizuri kuliko zote. Kuna koni ndogo, kuna duara, kuna bapa, na mipira ya udongo ambayo haijafungwa. Kisa ni cha Mashariki ya Kati, kuanzia kama 8000 KK, wakati watu wameanza kulima na kufuga na kuna mavuno ya kuweka ghalani. Walikuwa wanafinyanga tokeni, umbo moja linasimamia kipimo fulani cha nafaka, umbo lingine kitu kingine, na mtu aliyetafiti hizi tokeni kwa miaka mingi ni Denise Schmandt-Besserat, kabla yake wachimbaji wengi wa vitu vya kale walikuwa hawajui hivi vitu ni vya nini. Baadaye, kama 3500 KK, wakaanza kufungia tokeni ndani ya mpira wa udongo na kupiga muhuri juu, ndio mtu akipeleka kondoo wa tajiri asipunguze njiani. Shida ni kwamba ukitaka kujua ndani kuna nini lazima uvunje. Kwa hivyo wakawa wanabonyeza tokeni juu ya mpira kabla ya kuufunga, alama zinabaki nje.

Hapo nilisimamisha mchezo nikauliza watoto, sasa mngefanya nini? Kijana akasema, "Si basi wawache kuweka za ndani, alama ziko nje." Hicho ndicho kilitokea. Mpira ukawa kibao bapa cha udongo chenye alama tu, na kufika 3300 hadi 3200 KK kule Uruk, Iraki ya leo, kuna vibao vya maandishi kabisa. Yaani maandishi ya kwanza tunayojua kule hayakuanza na hadithi wala sala, yalianza na nani ana nafaka ngapi na nani anadaiwa kondoo wangapi. Mtoto wa miaka kumi amefika hapo mwenyewe kwa kuona tatizo na kulitatua, hakuna karatasi ya mtihani ingempeleka hapo.

Kitu kingine kijitabu kimepatia, na watu wengi hawakijui, ni kwamba kule Uruk hawakuwa na namba za aina moja kwa kila kitu. Kulikuwa na mfumo mmoja wa kuhesabu vitu kama watu na wanyama, mwingine wa nafaka, mwingine wa mashamba, na alama ile ile ingeweza kubeba thamani tofauti kulingana na unahesabu nini. Ni kama sokoni kwetu, mahindi ni gorogoro, viazi ni debe, sukuma ni fungu, na hakuna mtu anauliza gorogoro tatu za sukuma. Namba inayosimama peke yake bila kitu, saba tu, saba ya chochote, ilichukua muda mrefu sana kuzaliwa. Baadaye kule kule wakakaa kwa msingi wa 60, yaani kuhesabu kwa makundi ya 60, na ndio maana saa yako ina dakika 60 mpaka leo. Kijitabu kinapita haraka hapo na sioni shida, juu watoto hushika hilo upesi.

Kumbuka kufunga mipira na tambara kama unatuma kwa parcel. Dada yangu wa Kisumu aliagiziwa, ikafika mitatu ina ufa. Udongo wa kuchoma ungesaidia, hawa wanakausha juani tu.

Kadi za Misri ni za watoto wakubwa, kijana alizikubali nusu, binti alizipenda. Zinafuata papairasi ya Rhind, hati ya kale ya hesabu ya Misri, iliyonakiliwa na mwandishi anaitwa Ahmes kama 1550 KK, ikanunuliwa Luxor 1858 na Mskoti Alexander Henry Rhind, na sasa iko British Museum. Kadi inamwita Ahmes mgunduzi. Hapana, mwenyewe ameandika kwamba ananakili kazi ya zamani zaidi, kwa hivyo tumpe heshima yake ya mwandishi na tusimwongezee ya wengine.

Lakini mbinu yenyewe ni tamu sana. Wamisri walizidisha hasa kwa kuongeza mara mbili. Unataka 13 mara 12: andika 1 na 12, halafu 2 na 24, halafu 4 na 48, halafu 8 na 96. Sasa 13 ni 1 na 4 na 8, kwa hivyo chukua 12, 48 na 96, jumlisha, 156. Hakuna jedwali la kukariri. Binti aliniambia angefundishwa hivi gredi ya tatu hangelia, na mimi namwamini manake nakumbuka hayo machozi.

Halafu kuna mikate. Maswali ya papairasi yanaanza na ya kugawia watu 10 mikate, mikate 6 kwa watu 10 kwa mfano. Sisi tungesema kila mtu sehemu sita kwa kumi na tumemaliza, lakini jaribu kukata kweli. Wamisri walisema kila mtu nusu na sehemu moja ya kumi. Yaani mikate mitano inakatwa nusu, vipande kumi, kila mtu kimoja, halafu ule wa sita unakatwa kumi. Kila mtu anaona mbele yake vipande sawa na vya mwenzake, hakuna manung'uniko. Tulifanya na mkate wa dukani na ikatoka sawa kabisa, na ndio nikaona hizo sehemu zao zilizoonekana za ajabu zingemfaa mtu aliyesimama na kisu mbele ya wafanyakazi wenye njaa.

Kitu kimekosekana, na kwa sanduku linatengenezwa Nakuru ni pengo kubwa, ni vitu vya Nakuru. Hakuna bao. Hyrax Hill iko hapo tu nje ya mji, barabara ya kwenda Nairobi, Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alichimba pale 1937, na kuna mashimo ya bao yamechongwa kwa mwamba wenyewe, safu kwa safu, unaeza kuweka kokoto ucheze. Bao ni kugawa kokoto moja moja kwa kila shimo na kuona mbele itaishia wapi kabla hujaanza kusogeza, ni hesabu safi ya kichwa na vidole. Na Kariandusi kule Gilgil, mahali Louis Leakey alipata yale mashoka ya mkono ya mawe, mengine ya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno, ya mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Ukishika mfano wake unaona upande wa kushoto unalingana na wa kulia, mtu alikuwa na umbo kichwani kabla ya kupiga jiwe la kwanza. Huyo hakuwa na namba lakini macho yake yalijua usawa, na usawa pia ni hesabu. Mimi nilipeleka watoto Hyrax Hill na zile kokoto za sanduku, tulikaa kwa ule mwamba mpaka jua likawa kali. Kadi mbili tu, moja ya bao na moja ya shoka, na hili sanduku lingekuwa la nyumbani kabisa.

Huduma ya duka ni ya kawaida. Dada wa kaunta ni mpole lakini hajui kilicho ndani, nilipouliza kama wana uzi wa akiba aliniambia niulize fundi, na namba ya fundi iko nyuma ya kijitabu, piga tu, anashika simu.

Kwa walimu wenye darasa la watoto hamsini, msinunue masanduku kumi. Nunueni moja la mfano, halafu kila mtoto akate kijiti chake, akusanye kokoto zake, na udongo wa mfinyanzi upo. Chonga Lebombo kwa tawi kavu, mikato 29, uvunje mwisho mmoja, uwaulize ilikuwa mingapi. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita naona ni mapema, tokeni ni ndogo na zinaingia mdomoni.

Ukienda kununua fungua sanduku pale pale dukani, angalia mipira kama ina ufa, hesabu mikato ya Ishango kwa makundi uone kama 5 na 5 zimetengana, na uangalie kadi ya Ishango imeandikwa nini. Kama bado ni ile ya namba tasa, nunua tu, lakini kadi hio isome na mtoto mkiwa pamoja.